Kifusi chini ya jengo kubwa: namna ya kupima kinavyotitia, tangu kabla ya tripu ya kwanza

Mita moja ya ujazo ya kifusi kilichoshindiliwa vizuri ina uzito wa karibu tani 2. Kwa hiyo kila mita ya kimo unayojaza inaikandamiza ardhi ya chini kwa kilopaskali 20 hivi. Ghorofa moja ya jengo la kawaida la zege, uzito wake ukigawanywa juu ya eneo lake lote, ni kama kilopaskali 10. Sasa piga hesabu: ukijaza mita 4 ili kusawazisha kiwanja cha mteremko, umeibebesha ardhi mzigo wa ghorofa nane kabla fundi hajafunga nondo hata moja.

Hili ndilo linalosahaulika saiti. Mkandarasi anajaza, anashindilia, anaita maabara, majibu yanatoka asilimia 95 na zaidi, jamvi linamwagwa, nguzo zinasimama, halafu ukuta unapasuka. Hapo ndipo anatafutwa mpima aje aone kama jengo linashuka. Mpima anafika na levo yake, ile darubini inayotazama usawa, anasoma, na anachoweza kukuambia ni mahali jengo lilipo leo. Lilikuwa wapi mwezi uliopita hajui, na hakuna chombo cha kumsaidia. Kipimo cha kwanza usipokichukua siku yake, hakuna fedha ya kukinunulia.

Mwongozo huu nauandika kwa fundi sanifu, mpima au mhandisi kijana aliyekabidhiwa kazi hii akaambiwa "wewe fuatilia tu". Mfano nitakaotembea nao ni ghala la mita 48 kwa 96. Nusu yake imekaa kwenye ardhi iliyochongwa. Nusu ya pili iko juu ya kifusi kinachoanzia sifuri katikati ya kiwanja hadi mita 4 upande wa bondeni. Ukienda Mwanza, Mbeya au Kigali, kiwanja cha namna hii utakikuta kila kona.

Kwanza ujue ni nini kinachotitia

Kuna ardhi ya asili iliyo chini ya kifusi. Ikiwa ni mchanga, hushuka palepale mzigo unapowekwa. Ikiwa ni mfinyanzi uliojaa maji, lazima maji yakamuliwe kwanza ndipo udongo ukae, na mfinyanzi hukamuka kwa miezi, wakati mwingine kwa miaka. Karl Terzaghi ndiye aliyeliwekea jambo hili hesabu katika miaka ya 1920, na hesabu hizo ndizo tunazotumia hadi leo.

Kuna kifusi chenyewe kinachobanwa na uzito wake. Kikishindiliwa tabaka kwa tabaka, sehemu kubwa ya kubanwa huko huisha wakati bado unajaza. Kinachobaki ni kule kukaa polepole kusikoisha, ambako hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Kwa kifusi kilichokazwa barabara, kadirio la kuanzia ni asilimia 0.2 ya kimo kila muda unapozidishwa mara kumi. Kwa mita 4 zetu, hiyo ni milimita 8 kati ya mwezi wa 1 na wa 10, kisha milimita 8 nyingine kati ya mwezi wa 10 na wa 100. Kifusi kilichomwagwa tu bila kushindiliwa kinaweza kufika asilimia 1, yaani milimita 40 kila mara.

Halafu kuna maji, na hapa ndipo majengo mengi yanapoponzwa. Kifusi kilichoshindiliwa kikiwa kikavu kupita kiasi kinaonekana kigumu kama mwamba, kumbe ugumu ule unatokana na ukavu. Siku maji yakikifikia kwa mara ya kwanza, iwe ni kutoka kwenye gata lililovunjika, bomba linalovuja au mvua ya masika, chembe zinateleza na kifusi kinaporomoka ndani kwa ndani, kwa siku chache tu. Huko Horsley, kaskazini mwa Uingereza, watafiti walifuatilia shimo la makaa ya mawe lililojazwa kifusi cha kina cha mita 70 hivi. Pampu zilizokuwa zikitoa maji zilisimamishwa mwaka 1974, maji ya ardhini yakapanda ndani ya kifusi, na kifusi kikatitia upya ilhali hakuna mzigo wowote ulioongezwa juu yake.

Ndiyo maana cheti cha maabara peke yake hakitoshi. Asilimia 95 ya Proctor, yaani ya ukazo wa juu kabisa uliopatikana maabara kwa udongo uleule, kipimo tulichoachiwa na mhandisi Mmarekani tangu 1933, inakuambia udongo umekazwa kiasi gani ndani ya kile kishimo kidogo ulichochimba na kujaza mchanga. Kuhusu mfinyanzi ulio mita 3 chini ya tabaka la kwanza, haina la kusema.

Hatua ya 1: BM tatu, na zote mbali

Kila namba utakayoandika inategemea mahali unapoanzia kupima, yaani BM (benchmark), alama ya kudumu ya kimo isiyotakiwa kusogea. Hapo pakisogea, daftari lako lote linasema uongo kwa sauti ya kujiamini.

Nilijifunza kwa aibu. Kwenye kazi moja Kanda ya Ziwa, BM yetu ilikuwa msumari uliopigwa kwenye kizingiti cha kibanda cha mlinzi. Mvua za vuli zikaanza, na ndani ya wiki tano nguzo zote zikawa "zimetitia" kati ya milimita 8 na 10. Simu zikapigwa, kazi ikasimamishwa, mhandisi mshauri akapanda gari usiku. Aliyetuokoa ni mpima mmoja mzee aliyetazama jedwali kwa dakika mbili akauliza, "Vijana, hizi za upande uliochongwa zimeshuka sawa na za kwenye kifusi?" Zilikuwa sawa. Jengo halikuwa limeshuka. Kibanda cha mlinzi, kilichokaa juu ya udongo mweusi wa mbuga, ndicho kilichovimbishwa na mvua kikapanda.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja: pointi zote zikisogea kwa kiasi kilekile, shuku BM kabla hujalishuku jengo.

Weka BM tatu. Mbili hazitoshi, kwa sababu zikigombana huwezi kujua ipi mwongo. Kwa ghala letu, hakuna hata moja inayokaa chini ya mita 50 kutoka ukingo wa kifusi. Kama kuna jabali halisi limechomoza, na siyo jiwe kubwa lililolala juu ya udongo, toboa hapo, pandikiza boliti ya chuma kisichoshika kutu kwa simenti, umemaliza. Kama hakuna, chimba kwa mashine hadi tabaka gumu. Shusha fimbo ya chuma ya milimita 25 na ufunge kitako chake kwa simenti. Fimbo yenyewe ipite ndani ya bomba la plastiki la inchi 3, ili udongo wa juu ukivimba au kusinyaa usiivute. Kichwa cha fimbo kiwe mviringo kama nusu ya gololi, stafu, ile rula ndefu inayosomwa kwa levo, iguse mahali pamoja tu kila mara. Kisha jengea kichemba chenye mfuniko na upake rangi kali, maana dereva wa greda haoni kitu kidogo.

Ipe BM ya kwanza kimo cha 100.000. Huhitaji kimo cha kitaifa kwa kazi hii. Pima tofauti kati ya BM zote tatu kabla ya kazi kuanza, kisha kila mwezi, na uandike.

Hatua ya 2: chagua pointi kwa kuuliza historia ya kiwanja

Ramani ya udongo inasaidia, lakini kaa pia na wenyeji. Uliza kabla ya kiwanja hiki palikuwa na nini. Shimo la choo lililofukiwa, kisima cha zamani, jaruba la mpunga, mkondo uliokuwa ukipitisha maji wakati wa masika: hayo yote ni mahali pa kuweka pointi.

Kwa ghala letu ningeweka mabamba tisa ya chuma ya kupimia kutitia (namna ya kuyatengeneza iko Hatua ya 3) juu ya ardhi ya asili kabla ya kujaza, katika mistari mitatu inayotoka katikati ya kiwanja kwenda bondeni: moja karibu na mahali kifusi kinapoanza, moja penye mita 2, moja penye mita 4. Mstari unaotenganisha ardhi iliyochongwa na iliyojazwa ndio unaopasua majengo, kwa hiyo usiuache wazi. Kisha katika pointi tatu za kina kirefu ongeza bamba la pili, mita moja chini ya uso wa mwisho wa kifusi. Bamba la chini linakuonyesha ardhi ya asili imeshuka kiasi gani. Tofauti kati yake na la juu inakuonyesha kifusi kimebanwa kiasi gani. Bila mabamba mawili utajua kuna kushuka, ila hutajua ni nani anayeshuka, na dawa za hawa wawili hazifanani.

Kama ardhi ya chini ni mfinyanzi wenye maji, mwombe mhandisi aongeze piezomita, chombo cha kupima kanieneo la maji ndani ya udongo. Kanieneo likishuka, ujue maji yanakamuka. Lisiposhuka huku kushuka kumetulia, usifurahi mapema.

Hatua ya 3: kutengeneza na kulinda mabamba

Chombo chenyewe anakichomea fundi yeyote wa mtaani. Bamba la chuma la sentimita 60 kwa 60, unene wa milimita 8 au 10. Katikati yake chomea bomba la inchi 1 lililosimama wima kabisa, lenye nyuzi juu ili uweze kuliongeza kwa soketi. Nje yake lipite bomba la plastiki la inchi 3 lisilogusa bamba, kifusi kikishuka kisiburute bomba la ndani.

Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, lainisha kitanda cha mchanga cha sentimita 5, laza bamba, hakikisha kwa pima maji kwamba limelala sawa. Hapohapo, kabla ya koleo la kwanza la kifusi, soma kimo cha kichwa cha bomba. Soma mara mbili, kwa kuweka levo mahali pawili tofauti. Hiki ndicho kipimo cha sifuri, na ndicho pekee katika kazi hii yote ambacho hakina nafasi ya pili.

Kifusi kikipanda, bomba nalo linaongezwa. Hapa watu wengi huharibu. Tuseme kichwa cha bomba kinasoma 101.206. Unafunga kipande cha mita 1.5, na kichwa kipya kinasoma 102.694. Tofauti ni mita 1.488, wala si 1.500, milimita 12 zimemezwa na nyuzi ndani ya soketi. Aliyeandika "nimeongeza 1.5" kwa kuamini futi kamba atapata kwamba bamba limetitia milimita 12 mchana ule, wakati halijasogea hata unywele. Kwa hiyo soma kabla ya kuongeza, ongeza, soma tena muda uleule, na tofauti hiyo ndiyo urefu wa kipande. Andika tarehe na namba ya kipande.

Kuhusu kulindwa, chukulia kwamba kila dereva wa saiti ana mpango wa kugonga bomba lako. Zungushia pete ya karavati au mapipa, weka bendera nyekundu, na kaa na madereva asubuhi uwaeleze bomba lile ni la nini. Maelezo ya dakika tano yameniokolea mabamba mengi kuliko bendera. Eneo la mita moja kuzunguka bomba lishindiliwe kwa kompakta ya mkono, katika tabaka nyembamba kuliko za roli, la sivyo utakuwa na kifusi kilegevu mahali palepale unapopima. Bomba likigongwa likapinda, usilinyooshe kimyakimya. Andika, chukua kipimo kipya, na uanzishe mstari mpya kwenye grafu. Wanaokuja baada yako watasamehe pengo kwenye grafu, lakini namba ya kubuni itawapoteza.

Hatua ya 4: kusoma levo kama mtu anayetafuta milimita moja

Jipiesi ya kupimia, hata ile ya bei kubwa, kwenye kimo huyumba kwa sentimita moja hadi mbili. Droni ni hivyohivyo. Ni vyombo vizuri kwa kuhesabu tripu, ila kwa kutitia havifai. Tumia levo. Levo ya dijitali yenye stafu ya invari inafikia milimita 0.3 kwa kilomita ya kwenda na kurudi, na kwa nguzo za jengo ndiyo ninayopendekeza. Kwa mabamba ya kwenye kifusi, levo ya kawaida iliyo nzima, mikononi mwa mtu makini, inatosha.

Invari ni aloi ya chuma na nikeli ambayo karibu haitanuki kwa joto. Aluminiamu inatanuka. Jua la saa saba likiongeza nyuzi 15 kwenye stafu ya aluminiamu, mita 3 zake zinaongezeka milimita 1 nzima, na kama unapandisha kimo cha mita 3 kutoka BM hadi juu ya kifusi, hiyo milimita inaingia kwenye jibu lako. Kwa hiyo soma asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu, na kila ziara iwe saa zilezile. Asubuhi pia hewa haijaanza kucheza juu ya ardhi. Ukiona nyuzi za darubini zinatetemeka kama mvuke wa chungu, funga kazi.

Siku ya kwanza, na kila mwezi baada ya hapo, kagua levo yenyewe. Piga vigingi viwili vilivyoachana mita 50. Simama katikati kabisa, soma vyote, upate tofauti ya kimo. Kisha hamia mita 2 kutoka kigingi kimoja, usome tena. Tofauti mbili zisipolingana, darubini haitazami usawa. Hata ikiwa nzima, weka umbali wa nyuma (kwenda BM) na wa mbele (kwenda pointi unayopima) sawa, usizidishe mita 30, na usisome chini ya nusu mita ya stafu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. BM ni 100.000, usomaji wa nyuma 1.482, kwa hiyo mstari wa darubini uko 101.482. Usomaji wa mbele kwenye bomba ni 2.137, kichwa chake kiko 99.345. Kipimo cha sifuri kilikuwa 99.361. Kimetitia milimita 16. Ukimaliza pointi zote, rudi ufunge kwenye BM uliyoanzia au nyingine. Mimi hukubali kosa la kufunga lisilozidi milimita 1 ikizidishwa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vituo ulivyosimamisha levo; kwa vituo tisa, milimita 3. Likizidi, rudia siku hiyohiyo. Kuligawa kosa kubwa kwenye pointi ili jedwali lipendeze ni kujidanganya.

Mtu yuleyule, levo ileile, stafu ileile, njia ileile. Pamoja na vimo andika kimo cha kifusi siku hiyo, hali ya hewa, mvua iliyonyesha tangu ziara iliyopita, na chochote ulichoona: bomba la maji linalovuja, lori la simenti lililoegeshwa karibu na pointi ya 5. Kipimamvua cha plastiki kilichofungwa kwenye nguzo kinatosha.

Kama mahali hapafikiki kwa stafu, kuna vyombo vya maji vinavyozikwa chini ya jamvi na kusomwa kutoka nje. Kila fundi mwashi anavijua: ni ule mpira wa maji anaotumia kuhamisha levo kutoka nguzo hadi nguzo, isipokuwa mwisho mmoja umefungwa kwenye kipima kanieneo. Hofu yake ni ileile ya mpira wa fundi, yaani kipovu cha hewa kikiingia, namba zinapotea.

Hatua ya 5: ratiba

Wakati wa kujaza, soma kila kimo kikiongezeka mita 1 au kila wiki, kipi kitangulie. Kujaza kukiisha, kila wiki kwa mwezi mmoja, kila wiki mbili hadi mwezi wa 3, halafu kila mwezi. Jengo likianza kupanda, soma mzigo unapofika robo, nusu, robo tatu na kamili, na kwa ghala soma tena rafu zinapojazwa mizigo, kwa sababu hapo ndipo sakafu inapoujua uzito wake wa kweli. Jengo likishakaliwa, kila miezi mitatu kwa mwaka mmoja, kisha mara mbili kwa mwaka: mwisho wa kiangazi na mwisho wa masika. Mvua kubwa ya ghafla haingoji ratiba. Nenda kesho yake.

Hatua ya 6: chora leo, usingoje ripoti ya mwezi

Karatasi moja, michoro miwili, mhimili mmoja wa siku. Juu chora kimo cha kifusi kikipanda kama ngazi. Chini chora kila bamba likishuka. Ukiwa umechora hivyo jicho linaona lenyewe: kifusi kimesimama, je, mstari wa chini umeanza kulala? Unaolala polepole ni wa kawaida. Unaoteremka kwa mwendo uleule wiki baada ya wiki ilhali hakuna kilichoongezwa, huo una neno. Unaovunjika ghafla kwenda chini baada ya mvua, karibu kila mara ni maji yameingia kifusini. Tafuta yanakotokea kabla hujatafuta kitu kingine.

Hapo swali la mwenye jengo litafika: "Tunamwaga msingi lini?" Kwa ardhi ya mfinyanzi, njia ya Asaoka ya mwaka 1978 inakupa jibu bila kuhitaji maabara. Chukua vipimo vilivyoachana muda sawasawa, baada ya kujaza kuisha. Tuseme bamba la kina kirefu, kila wiki mbili, linasoma milimita 20, 32, 40, 46, 50 na 53. Kwenye karatasi ya mraba weka kila kipimo kwenye mhimili wa chini na kinachokifuata kwenye mhimili wa wima: 20 na 32, 32 na 40, 40 na 46, na kuendelea. Pointi zinajipanga karibu na mstari mnyoofu. Sasa chora mstari wa nyuzi 45 kutoka kwenye sifuri. Inapokutana mistari hiyo miwili, kipimo cha leo na cha wiki mbili zijazo ni sawa, maana yake kushuka kumekwisha. Hapa inakutana karibu na milimita 60. Umeshapata 53, zimebaki 7.

Ukitaka hesabu bila rula: kila pengo linalobaki kufika 60 hupungua na kuwa asilimia 70 ya lililotangulia. 40, 28, 20, 14, 10, 7. Wiki mbili zijazo litakuwa 5.

Njia hii ina mipaka. Haifanyi kazi wakati bado unajaza. Haijui lolote kuhusu maji yatakayoingia kifusini mwaka kesho. Na ile milimita 8 ya kukaa polepole haimo ndani yake. Kwa hiyo chora pia kushuka dhidi ya logi ya muda (mhimili ambao kila hatua yake inazidisha muda mara kumi), uone mkia wa mwisho una mteremko gani. Mbunifu ndiye anayetoa namba ya kuruhusu kazi iendelee. Inaweza kuwa, kwa mfano, chini ya milimita 2 kwa mwezi kwa miezi miwili mfululizo. Kama muda hauruhusu, anaweza kuagiza kifusi cha ziada cha mita 1 au 2 kirundikwe juu kwa muda ili kuharakisha, na grafu yako ndiyo itakayosema lini kiondolewe.

Hatua ya 7: kiasi gani ni kingi?

Jengo likishuka lote kwa pamoja milimita 40, mabomba ya kuingilia yatalia lakini kuta zitanyamaza. Kinachopasua ni nguzo kumwacha jirani yake. Skempton na MacDonald walichunguza majengo mengi, na mwaka 1956 wakaeleza kwamba nyufa za kuta huanza tofauti ya kushuka ikifika 1 kwa 300 ya umbali kati ya nguzo, na madhara ya viungo vyenyewe vya jengo huanza karibu na 1 kwa 150. Bjerrum, mwaka 1963, akapendekeza 1 kwa 500 pale ambapo nyufa hazitakiwi. Nguzo zetu zimeachana mita 6: 1 kwa 500 ni milimita 12, 1 kwa 300 ni milimita 20.

Tazama mstari mmoja wa nguzo tano, kutoka upande uliochongwa kwenda bondeni: 3, 5, 8, 19, 23. Mtu anayesoma ripoti haraka atakodolea macho 23. Wewe tazama 8 na 19. Tofauti ni milimita 11 ndani ya mita 6, yaani 1 kwa 545, na uko hatua moja kabla ya mpaka wa Bjerrum. Uko pia palepale ulipotarajia, kwenye mstari wa kuchongwa na kujazwa. Sakafu ya ghala la rafu ndefu ina masharti makali zaidi ya haya, kwa sababu foklifti ikiinama kidogo chini, mlingoti wake unainama sana juu.

Kabla ya kazi kuanza, mbunifu aandike viwango viwili na ya kufanya kwa kila kimoja. Kiwango cha njano, tuseme nusu ya kinachoruhusiwa: rudia kipimo ndani ya saa 24, kagua BM, ongeza ziara. Kiwango chekundu: simamisha kuongeza mzigo katika eneo hilo, mpigie mbunifu siku hiyohiyo. Namba ya simu iwe juu ya fomu. Nimeona vipimo vizuri kabisa vikilala kwenye barua pepe wiki tatu kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba ni kazi yake kuvisoma.

Kuna majengo yaliyobuniwa yakijua yatashuka. Uwanja wa ndege wa Kansai, Japani, uliofunguliwa mwaka 1994 kwenye kisiwa kilichojazwa baharini, una jengo la abiria lenye nguzo zinazoweza kuinuliwa kwa jeki na kupachikwa mabamba ya chuma chini yake. Pale vipimo ndivyo vinavyochagua ni nguzo ipi iinuliwe. Ghala lako halina jeki, kwa hiyo vipimo vyako vina kazi ya kuonya mapema tu.

Hatua ya 8: kuhama kutoka mabomba kwenda nguzo

Siku ya kumwaga jamvi, mabomba mengi yatakatwa. Mengine, hasa yale matatu ya mabamba pacha, omba yaachiwe vichemba vyenye mifuniko sakafuni. Kwa yanayokatwa, asubuhi hiyohiyo soma bomba la mwisho na boliti mpya kwenye kitako cha nguzo iliyo karibu, ili grafu ya jengo ianzie pale grafu ya ardhi ilipoishia. Kitako kikishafunikwa, hamishia kwenye nguzo: boliti ya chuma kisichoshika kutu, kichwa mviringo, nusu mita juu ya sakafu, upande usiogongwa na foklifti, na juu yake nafasi ya wazi ya kusimamisha stafu. Hili la mwisho hukumbukwa siku mabomba ya zimamoto yameshapita juu ya boliti na stafu haisimami.

Palipo na ufa, bandika vipande viwili vya kioo cha plastiki chenye mistari, kimoja kila upande, na usome upana pamoja na nyuzi joto, kwa sababu ufa hupumua na jua hata jengo likiwa limetulia.

Mkabidhi mwenye jengo jalada lenye vipimo vyote, kile cha sifuri kikiwa ukurasa wa kwanza, na mchoro unaoonyesha BM tatu ziko wapi na zinafunguliwaje. Kisha mtafute mpaka rangi kabla hajaanza, umwonyeshe boliti moja moja. Akizifunika kwa pati na rangi safu mbili, ziara yako ijayo utakuta jengo limepanda milimita 2.